Kipande cha Aibu kwa Chacho

Mwanangu Fabián anataka nihamie kwake Mendoza, mji wa mbali. Anasema nyumba yangu ya Avellaneda ni kubwa mno kwa mtu mmoja, ngazi zinateleza, na zaidi ya yote, mama, huli vizuri. Hilo la kula ndilo lililonichoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Tangu mume wangu Oreste afariki nimekuwa nikila nimesimama jikoni, mkate na jibini, kama mtu anayesubiri treni. Karina, mkwe wangu, keshaniandalia chumba na kukipaka rangi ya waridi, rangi ambayo sikuivaa hata nilipokuwa mtoto. Nikamwambia Fabián jibu nitampa Jumapili, akinipigia simu baada ya chakula cha mchana.

Ambacho sikumwambia ni kwamba nilikuwa nimejiwekea mtihani. Jumapili hiyo ningekwenda peke yangu kwenye mgahawa wa Chacho, nikae mezani na kula nyama choma kama tulivyokuwa tukila na Oreste. Nikiweza, nabaki kwangu. Nikitoka mle ndani na machozi, au nikirudi nyumbani kula mkate na jibini, basi nafunga virago nikalale kwenye chumba cha waridi na kushukuru.

Nikapaka rangi ya midomo, nikapiga moyo konde, nikaenda.

Kwa Chacho siku ya Jumapili watu hupanga foleni hadi barabarani, na wote wanavumilia kwa sababu moshi unawafuata huko huko nje na kuwazuia wasiondoke. Gildo, mhudumu wetu wa siku zote, aliniona kupitia kioo, akatoka na koti lake jeupe, akanishika mkono na kuniingiza mbele ya foleni nzima.

"Na huyo vipi?" akafoka bwana mmoja nyuma yangu.

"Huyo alikuwa anakula hapa wewe ukiwa bado unanyonya," Gildo akamjibu bila kugeuka.

Hadi hapo nilikuwa nimefurahi. Lakini nilipoingia, vichwa vikageuka, nikatazamwa kwa yale macho. Mnayajua. Macho ya msibani. Chacho mwenyewe, kule kwenye moto, aliinua koleo lake la kugeuzia nyama na kuweka mkono kifuani. Nikajifanya hamnazo, nikakaa.

"Karibu nyumbani, Bi Zulema," Gildo akasema. Hakutoa karatasi wala kalamu, hajawahi. "Nikuletee nini, mama?"

"Jiko la makaa, lile la mezani. Lenye kila kitu: mbavu, soseji ya damu, utumbo uliokaushwa, figo, na tezi ya shingo ya ndama."

Akajikuna shingo. "Jiko ni la watu wawili, mama."

"Najua ni la watu wawili. Nimelila miaka yote hapa."

"Mlilila wawili," akasema, kisha akaumauma midomo, maskini, kwa sababu hakukusudia.

Mtihani wenyewe ndio kwanza umeanza na mimi tayari nataka kulia juu ya kikapu cha mkate. Nikaona njia moja tu ya kujiokoa, nayo ni kugomba.

"Basi mwambie Chacho akate nusu."

"Chacho hakati nusu! Nikimwambia nusu atanirushia koleo. Nusu figo, nusu soseji, hiyo ni hospitali au ni nini? Nikuletee samaki mzuri?"

"Samaki! Gildo, mimi nimekukosea nini?"

Wakati huo huo, kwenye meza ya jirani, mtu mwingine alikuwa akigonga sahani kwa uma. "Gildo! Na mimi ulinijibu hivyo hivyo! Nami nataka jiko! Nimekaa hapa nakula mkate mpaka nimekuwa kama bata!"

Nikageuka. Alikuwa mwanamume wa umri wangu, ana masharubu yaliyochanwa vizuri na mashavu ya mtu anayependa kula. Alikuwa peke yake. Na alikuwa amevaa sweta jekundu.

Hapa Avellaneda rangi si jambo la kuchezea. Viwanja viwili vya mpira vinatazamana kama majirani waliogombania ua, cha wekundu na cha samawati, na sisi ni watu wa samawati na nyeupe tangu babu. Oreste nimemzika na skafu yake shingoni. Dada yangu aliolewa na mwekundu, na kwenye harusi baba alikaa amewapa mgongo.

Gildo akamtazama yule bwana, akanitazama mimi, akaitazama foleni kule nje. Nikaona wazo likimpanda usoni.

"Usithubutu," nikamwambia.

"Watu wawili, jiko moja, meza moja inabaki wazi," akasema. "Mungu kanionea huruma."

"Na mwekundu? Afadhali nile samaki."

"Bibi," akasema yule bwana, akiwa tayari kasimama na glasi yake mkononi, "marehemu mke wangu akisikia nimekaa na mtu wa samawati atafufuka aje anizabe kofi. Lakini nina njaa. Na wewe una njaa, naona unavyokitazama hicho kikapu. Anselmo Ferreyra."

"Zulema. Kaa upande huo. Kikapu cha mkate ndicho mpaka. Ukivuka nakuchoma uma."

"Sawa kabisa," akasema, akakaa.

Jiko likaja, lile dogo la chuma lenye makaa chini, na mafuta yanalia juu yake. Nilikuwa nimesahau sauti ile. Anselmo akajimiminia divai, akatia barafu na maji ya gesi mpaka ikabadilika rangi, na mimi nikanyoosha glasi bila kuombwa, kwa sababu hivyo ndivyo divai inavyonywewa na anayepinga aende akapinge kwingine.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa mbavu. Alitaka kuziondoa mara moja, bado zina damu.

"Hiyo bado inalia moo," nikamwambia.

"Na wewe unataka nini, soli ya kiatu?"

"Nataka iive. Sisi samawati tuna subira. Tumeizoea."

"Hilo kweli, mnasubiri kombe tangu enzi za babu zenu," akasema, akacheka hadi masharubu yakacheza. Nami, laana, nikacheka pia.

Basi yeye akala zake mwanzo, mimi nikaziacha zangu juu ya makaa zikauke taratibu mpaka mafuta yakawa kama karatasi. Nitasema ukweli, na Oreste anisikie huko aliko: miaka yote ya ndoa nilikula nyama yenye damu kwa sababu Oreste hakuweza kungoja. Siku hiyo ndipo nilipokula mbavu kama ninavyozipenda mimi. Nilimpenda mume wangu sana, na mbavu zile zilikuwa tamu sana, na yote mawili ni kweli.

Tuligombana pia juu ya utumbo, yeye akisema unahitaji limau na mimi nikisema limau ni la kikohozi. Tukagombana juu ya soseji ya damu. Kati ya ugomvi mmoja na mwingine akaniambia kwamba alikuwa fundi wa friji, kwamba mke wake aliitwa Nilda, na kwamba kila Jumapili anakuja hapa, Gildo anamnyima jiko, naye anakula kuku wa kuoka kwa hasira.

"Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili. Huwezi jua, siku moja anaweza kulainika."

Kufikia hapo nilikuwa nimesahau kutazama kama watu wananitazama.

Kisha jiko likabaki na kipande kimoja. Tezi ya shingo, kipande bora kuliko vyote, kimekuwa cha dhahabu pande zote. Kwetu kipande cha mwisho kina jina: cha aibu. Hakichukuliwi. Meza ya watu kumi itakizunguka kwa maneno nusu saa nzima, kila mmoja akisema ameshiba, kila mmoja akikila kwa macho, na atakayenyoosha mkono wa kwanza ndiye mlafi hadi Jumapili ijayo.

"Chukua," Anselmo akasema.

"Mimi nimeshiba. Chukua wewe."

"Siwezi hata kupumua."

"Basi kikae."

Kikakaa. Tukazungumza kuhusu hali ya hewa, huku sote wawili tukijua kinakauka. Gildo akaja na kitambaa begani, akatazama, akaondoka. Jiko lenye nyama haliondolewi mezani, na pale nje yule bwana aliyenifokea alikuwa ameweka pua kwenye kioo.

Gildo akarudi. "Wapenzi wateja wangu. Kipande kimoja. Foleni inakaribia kunila mimi."

"Mwambie huyu," tukasema pamoja.

Hapo Anselmo akafanya jambo la kiungwana. Akakichoma kwa uma, akakivusha juu ya kikapu cha mkate, akakielekeza kwenye sahani yangu.

Nikamshika mkono. "Usikiweke."

Akashangaa. Gildo akageuza uso upande wa pili, kwa sababu yeye alijua. Oreste ndiye aliyekuwa akiniwekea kipande cha aibu. Hakuwahi kuuliza wala kusema neno. Alikuwa akiendelea kuzungumza mpira na meza ya pili, na mkono wake unakileta kwangu. Maisha yangu yote sijawahi kukichukua mwenyewe. Na sasa machozi niliyoyakimbia tangu mlangoni yakaja yote kwa pamoja, na chumba cha waridi nikakiona hivi, kuta zote nne.

"Mume wangu ndiye aliyekuwa ananiwekea," nikasema. "Samahani. Nimekukumbuka, namaanisha nimemkumbuka. Sijui nasema nini."

Anselmo akakirudisha juu ya makaa polepole. Hakunipa pole, na kwa hilo nitamheshimu mpaka kesho.

"Nilda hakungoja kuwekewa," akasema. "Jiko likifika tu, cha kwanza anakula tezi. Yote. Nikimwambia, Nilda, aibu, ananiambia aibu iko mwishoni, mimi naanza mwanzoni. Miaka yote mimi sikujua tezi ina ladha gani."

Nikacheka na machozi hapo hapo usoni. Nilimwona huyo Nilda kana kwamba amekaa nasi, mwekundu wa watu, mdomo umejaa mafuta.

Simu yangu ikalia mezani. Fabián. Huyu mtoto ni kama saa ya stesheni.

Niliitazama simu, nikakitazama kipande. Nikachukua uma. Nikanyoosha mkono mbele ya Anselmo, mbele ya Gildo, mbele ya yule bwana wa dirishani na Avellaneda yote, nikakichoma kile kipande na kukitia mdomoni kizima. Nje kilikuwa kikavu, ndani laini, chenye chumvi. Gildo akapiga ukelele kama wa goli. Nikapokea simu.

"Mama? Mbona kelele? Uko wapi?"

"Mmm," nikasema.

"Mama, tulisema leo utanipa jibu. Karina kashanunua mapazia. Mama? Unalia?"

"Natafuna."

"Unatafuna nini?"

Nikameza bila haraka. Anselmo alikuwa ameshakisukuma kikapu cha mkate pembeni na alikuwa akimwonyesha Gildo kwa vidole: pudini ya karameli, moja, vijiko viwili. Nikamtikisia kichwa kwamba hapana. Nikanyoosha vidole viwili: pudini mbili. Kuna mambo mtu hagawani na mwekundu siku ya kwanza.

"Fabián, mwanangu, mshukuru Karina kwa mapazia. Mimi sihami."

Akauliza kwa sauti ya chini, ile ya mtu anayezungumza na mgonjwa: "Na utaishi vipi, mama? Utakula na nani?"

"Leo nimekula na mwekundu mmoja."

Nikamsikia akimwita Karina.

"Mama," mwanangu akasema, na sasa alikuwa na hofu ya kweli, "una homa?"

"Nina njaa, Fabián," nikamwambia. "Mwaka mzima nilikuwa na njaa."