Namba Thelathini na Nne

Pelenatete alikuwa na siku moja tu ya kuiokoa mbegu yake ya gimbi, Namba Thelathini na Nne, na siku yenyewe ilikuwa Jumapili, siku ambayo Samoa nzima hakuna anayeshika jembe. Kesho yake, kwenye kikao cha watafiti mjini Apia, kila mbegu ya gimbi iliyotoa chini ya kilo moja kwa shina ingetupwa. Orodha ya kutupwa aliiandika mwenyewe, na jina la kwanza lilikuwa la mbegu yake.

Miaka kumi na miwili nyuma aliipandanisha kwa mkono wake: ua la gimbi la nyumbani na chavua ya gimbi la visiwa vya Palau, lile lisilojali ugonjwa wa majani. Ugonjwa huo uliyafagia magimbi yote ya visiwa hivi akiwa bado shuleni, watu wakala wali wa mchele wa dukani mpaka wakaona haya kualikana. Baada ya hapo wengi walitafuta gimbi kubwa, na makubwa yalipatikana. Namba Kumi na Tisa ilitoa kilo mbili kwenye udongo mnono wa kituo cha utafiti, lakini ukiipanda kwenye mawe ya volkano unavuna kitu cha ukubwa wa yai. Pelenatete alitaka gimbi lisilochagua pa kuota. Akaijaribu yake, pamoja na mbegu nyingine tisa, katika vijiji sita: milimani kwenye mvua isiyokoma, kwenye mawe ya kisiwa cha Savaii, hadi pwani kwenye chumvi ambako minazi yenyewe imedumaa.

Katika vijiji vyote sita mizani ilisema yale yale: gramu mia saba, mia sita na tisini, mia saba na kumi. Haikuyumba, hilo alilikubali, lakini ilikuwa imetulia huko chini. Isitoshe, mashimo mengi yalikuwa matupu, naye akaandika kwenye daftari: yamekufa. Kilichomnyima raha ni majani. Yalikuwa mapana na mazito, juu ya mashina mekundu ambayo zile tisa hazikuwa nayo, yaliyomfika kifuani. Gimbi gani linapendeza hivyo juu halafu chini hakuna kitu?

Shamba la sita lilikuwa la mama Fuatino, mjane wa Savaii ambaye hakuwahi kumwita Pelenatete kwa jina lake. Alimwita Bibi Mizani. Walipima Jumamosi. Jumapili, baada ya ibada, wote wawili wakaalikwa chakula cha mchana kwa mchungaji.

Kipande cha gimbi alichowekewa Pelenatete kilijaa sahani. Alikiuma, kikavunjika kikavu na laini, utamu ukabaki mdomoni. Akasimama bila hata kuomba ruhusa, akaenda jikoni nyuma ya nyumba. Pale chini palikuwa na rundo la magimbi mabichi, kila moja kubwa kama kichwa cha mtu, na kila moja limeachiwa kipande cha shina. Mashina yote yalikuwa mekundu.

"Mama Mchungaji," alimwita mwenye nyumba, "haya yametoka wapi?"

"Kwa Fuatino. Mwezi mzima huu, kila Jumamosi analeta."

Pelenatete akamgeukia Fuatino, aliyewafuata huku akitafuna. "Mama, mbona jana hukunionyesha haya?"

"Ulisema tupime ya kwangu. Haya si yangu, nimeshamtolea Mungu."

"Na yale mashimo matupu?"

"Ulidhani panya? Nilichimba makubwa kwanza. Au ulitaka nimletee mtumishi wa Mungu vile vigimbi vya jana?" Fuatino akamtazama Mama Mchungaji. "Huyu binti amekaa Apia mpaka amesahau kwao."

Wakacheka. Pelenatete alicheka pia, ila kwa aibu. Mama yake mwenyewe hakuwahi kuwapikia watoto gimbi la kwanza kuchimbwa; lilipelekwa kwa mchungaji.

"Katika zile mbegu kumi, unaleta ipi hapa?"

"Hiyo hiyo yenye shina jekundu. Nyingine tunakula sisi."

Mizani ilikuwa garini. Alipoingia nayo, Mama Mchungaji akashika kiuno. "Leo Jumapili, mwanangu." Kisha akaona uso wa mgeni wake, akamnyang'anya mizani. "Lete. Kupika kunaruhusiwa, na mimi hupima kabla ya kupika."

Kilo mbili na gramu mia tatu. La pili, mbili na mia mbili. Walipima rundo lote, na hakuna lililoshuka chini ya mbili.

"Hivi, na vijiji vingine vitano?" Pelenatete aliuliza.

Mama Mchungaji alikuwa ameshachukua simu. Wake wa wachungaji wanajuana kisiwa hadi kisiwa, na kule kwa Wakatoliki alimpata mtawa anayempikia padri. Aliuliza maswali mawili tu: ni gimbi gani wanaloletewa, na lina uzito gani. Majibu yakaanza kurudi moja moja. Milimani: shina jekundu, mbili na mia nne. Bondeni: shina jekundu, mbili na mia mbili. Pelenatete aliandika kila jibu kwenye daftari.

Wa mwisho alikuwa wa pwani, kwenye chumvi. Mama Mchungaji alisikiliza, akasema, "Rudia, dada." Akafunika simu kwa kiganja. "Shina jekundu. Mbili na robo. Anasema huko ndilo pekee linalofaa kupelekwa kanisani."

Pelenatete akakaa chini pale pale, kwenye sakafu ya jiko la watu. Yeye aliitafuta mbegu hii miaka kumi na miwili kwa mizani na daftari, akaipoteza. Watu wa vijiji sita, ambao hawajawahi kuonana, waliipata kwa mikono, kila mmoja kwenye udongo wake, siku alipotaka kumpa Mungu kilicho bora.

Akaitoa orodha ya kesho mfukoni, akalifuta jina la kwanza.

"Kwa hiyo tulikosea?" Fuatino aliuliza.

"Nilikosea mimi, mama. Wote sita mlitoa hili hili."

Fuatino aliacha kutafuna. Akainama, akaokota gimbi moja kwenye rundo, akalishika kwa mikono miwili kama mtu anayelipokea kwa mara ya kwanza.

"Hata wa kwenye chumvi?"

"Hata wao."

"Kumbe na wao waliliona," alisema polepole.