Koti la Mita ya Tatu

Kila alasiri mafuta yaliota mbawa kwenye mita ya tatu ya bohari. Asubuhi tangi na mita vilielewana vizuri; jua likishapanda, tangi lilidai limetoa mafuta mengi kuliko yale yaliyohesabiwa na mita. Na zamu ya alasiri ilikuwa ya shemeji yake.

Hilo ndilo lililomnyima raha fundi wa mita. Yeye ndiye aliyemwombea kazi huyo mdogo wa mumewe, akamwapia mama mkwe kwamba atamtunza kama ndugu wa tumbo moja. Pale bohari walimwita Mama Lakiri, maana hakuna mita aliyoiacha bila kuifunga waya na muhuri wa risasi, na ole wake atakayeugusa. Sasa bosi alikuwa ametangaza: mtu wa zamu ya alasiri atafukuzwa na kukabidhiwa polisi, isipokuwa fundi alete sababu nyingine.

Basi akaanza kumchunguza. Na ukishaanza kumchunguza mtu, hata chafya yake ina namna. Shemeji alikuwa anapokea simu nje, kwenye kamba ya nguo. Alikuwa anaimba bafuni. Mtu wa mshahara ule anaimba nini?

"Kazini kunaendaje?" alimuuliza siku moja mezani.

"Shwari tu, shemeji. Nyie wakubwa ndio mna presha."

"Mita ya tatu hujaigusa?"

"Mimi na mita wapi na wapi? Mimi nafungua valvu, nafunga valvu."

Jibu lilikuja haraka mno, akaona. Lingechelewa, angesema anatunga.

Kila siku alikwenda kuukagua muhuri. Ulikuwa mzima, msokoto wake mwenyewe. Hilo likamchoma zaidi: kumbe kijana ni mjanja kuliko alivyodhani. Asubuhi moja uvumilivu ukamwishia, akamwendea mkuu wa ulinzi. "Anza na shemeji yangu," alisema, macho makavu. Kisha akaenda chooni akalia.

Mchana alikaa karakana kula. Chakula kilikuwa bado kinafuka mvuke, kama kawaida tangu shemeji alipomshonea mfuko wa kubebea bakuli, wenye sponji nene yenye gamba la kung'aa. Leo pindo la ndani lilikuwa limefumuka, na hapo akaona rangi nyekundu, nusu ya tarakimu. Rangi hiyo aliijua. Yeye mwenyewe ndiye huandika namba kwenye koti la kila mita, ile sponji inayovikwa bomba ili jua lisikiunguze kipimajoto cha mita.

Akaliweka tonge chini. Akaufumua mfuko mshono kwa mshono, akakitoa kipande cha sponji, akakimbia nacho hadi mita ya tatu na kuzunguka nyuma ya bomba, upande usio na muhuri, ambao kwa sababu hiyo hakuwahi kuhangaika kuutazama. Bomba lilikuwa uchi. Aliligusa akaurudisha mkono upesi. Kile kipande kikakaa mahali pake barabara, na tarakimu ikatimia: tatu.

Hakuna hata tone lililoibiwa. Jua lilikuwa linakichemsha kipimajoto, nayo mita, ikidhani mafuta yametanuka kwa joto, ilikuwa inapunguza hesabu kwa uaminifu wake wote.

Aliona aibu. Hata hivyo akaenda mbio chumba cha ulinzi. Shemeji alikuwa ameketishwa pale, amevuliwa viatu na mkanda, macho mekundu.

"Mwachieni!" alisema, akiweka kipande mezani. Kilinukia maharage. "Hakuna mwizi. Mita ilivuliwa koti."

Mkuu wa ulinzi akakigeuzageuza. "Na koti lenyewe limetoka wapi?"

"Kwenye mfuko wangu wa chakula."

Shemeji akamtazama yeye, si mkuu. "Shemeji, mbona umeufumua? Ulilalamika chakula kinapoa. Nikaona ile sponji imekaa tu pale nyuma, nikakata kidogo. Nilikesha nikiushona."

"Ngoja kwanza," alisema mkuu wa ulinzi. "Asubuhi unakuja kunitajia huyu, kumbe mali unatembea nayo wewe?"

"Ni wewe uliyenitaja?" shemeji aliuliza.

Mkuu wa ulinzi akavuta kiti kingine, akakiweka kando ya kile cha kijana. "Kaa na wewe."

Akakaa. Shemeji akakisogeza kiti chake pembeni, akampa mgongo.