Inchi Moja ya Fundi Kola

Kwenye karakana yetu ya ushonaji, kupima wateja ni kazi ya Fundi Mkuu peke yake. Yeye anapima na kutaja namba, sisi tunakata kwa futi zetu. Futi yake ya njano hukaa shingoni kama mkufu, na anayeivaa ndiye mwenye kiti cha dirishani.

Miaka kumi na minne aliivaa Mzee Pindo. Msaidizi wake alikuwa mume wa dada yake, tuliyemwita Kola kwa kutembea shingo juu. Kola alikuwa na cherehani nzuri, mke mzuri na wateja wa kumsifu. Alichokosa ni dirisha tu.

Mchana mmoja, Mzee akiwa ameivua na kwenda kunawa, Kola aliikata ile futi inchi ya mwanzo, akarudishia kibati cha ncha. Nani hutazama ncha? Kifua cha thelathini na sita kikasomeka thelathini na saba. Suruali zikaanza kuwavuka watu barabarani. Mimi wa vifungo nilirudishiwa nguo mpaka nikakosa pa kuweka miguu.

"Shemeji, ni macho," Kola akamwambia kwa upole. "Umetutumikia sana. Pumzika."

Mzee wa watu akang'atuka, tukampa saa ya ukutani. Akamvika Kola futi kwa mikono yake mwenyewe. Kola hakuibadilisha. Ya nini, wakati sasa ilimtii yeye tu? Akipima, anatoa moja kichwani. Mwingine akiigusa, anaharibu. Nguo zikakaa sawasawa. Tukasema kumbe kweli, yalikuwa macho.

Basi akanogewa. Cherehani zetu zikasukumwa nyuma gizani, dirisha lisipate msongamano. Ikaja kazi ya sare za bendi ya mji, watu ishirini. Mzee Pindo akaja kuomba asaidie kupima.

"Shemeji, na macho hayo?" Kola akacheka mbele ya wateja.

Mkewe, dada yake Mzee, alikuwepo, amemletea chakula. Jumapili nyumbani, akipiga pasi, akaitazama vizuri ile futi iliyotundikwa msumarini: namba ya kwanza ni mbili, moja haipo. Akanunua nzima ya njano, akaisugua kwa majani ya chai mpaka ikazeeka, akaitundika palepale. Aliniambia mwenyewe, mimi na yeye hatufichani.

Kola akapima ishirini, akitoa moja kila mara.

Siku ya sherehe wapiga tarumbeta wakavuta pumzi, vifungo vikaruka. Kimoja kikagonga miwani ya meya.

"Fundi, ulipimaje?" mkuu wa bendi akauliza.

Kola akafungua mdomo. Angesema alitoa moja, angeulizwa kwa nini.

"Ni macho," akasema.

Tukampa saa ya ukutani. Mkewe ndiye aliyeichagua. Mzee Pindo, futi ikiwa imerudi shingoni, akamshika bega, machozi yakimlenga.

"Pole, shemeji. Mimi ndiye ninayejua yanavyouma."