Dakika Saba za Handeni

Kila jioni ya Ramadhani ile, ikifika saa kumi na mbili na robo, niliosha mikono, nikakaa mbele ya kompyuta ya ofisini pale Korogwe na kufungua kivinjari. Ukurasa ulikuwa wangu mwenyewe, niliutengeneza chuoni kwa ajili ya mtihani wa mwisho. Ulikuwa na vitufe vitano tu: Washa. Zima. Ongeza. Punguza. Adhana. Dakika ikitimia nilibonyeza cha kwanza, nikahesabu hadi kumi, nikabonyeza cha mwisho. Kule Handeni, chumbani kwa mama, sabufa iliamka ikaadhini. Kisha simu yangu ililia mara moja na kukatika. Hiyo ilikuwa bipu ya mama. Maana yake: nimesikia, nimefungua.

Mama yangu, Bi Rukaya, alikuwa haoni. Presha ya macho ilimchukua jicho moja, na mwaka uliofuata ikamchukua la pili. Nyumba yetu iko nje ya mji, kwenye barabara ya kwenda Mazingara, na spika ya msikiti haifiki huko. Nilipopata kazi, kitu cha kwanza nilichomnunulia kilikuwa sabufa yenye spika tano, na flashi iliyojaa adhana na mawaidha. Rimoti ilimsumbua, vitufe vingi, kila mara alijikuta ameizima. Ndipo nikafunga pembeni ya kabati kikompyuta kidogo kama kipande cha sabuni, chenye modemu na kijitaa kinachoitazama sabufa kama rimoti inavyoitazama.

"Mama, wewe usishike kitu," nilimwambia. "Rimoti yako ni mimi."

Alicheka mpaka akakohoa. "Basi usiishe betri."

Siku ya ishirini na tatu ya mfungo nilibonyeza kama kawaida. Salimu, tunayefanya naye kazi, alikuwa akiingia na tende kwenye sahani. Aliisimamisha hewani.

"Dada Mwantumu, unamfuturisha nani saa hizi?"

"Mama. Yuko Handeni."

"Handeni wamehamia Dar lini?" Alicheka, akainama kutazama karatasi niliyoibandika ukutani. Ilikuwa ratiba ya Ramadhani niliyoipata kwa rafiki wa chuo. "Hii hata mimi ninayo. Lakini yako mbona fupi?"

Ilikuwa fupi kwa sababu niliikata chini kwa mkasi, ili ienee kati ya kalenda na swichi. Salimu alitoa yake mfukoni akaikunjua. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba saa hizo ni za Dar es Salaam, na miji mingine iongeze dakika. Handeni, saba.

Nje ya dirisha jua lilikuwa bado linawaka kwenye miteremko ya Vugiri, rangi ya chungwa, mtu yeyote mwenye macho angeliona. Na hapo hapo simu yangu ikalia mara moja, ikakatika.

Salimu aliitazama simu, kisha akanitazama mimi. Kicheko kilikuwa kimemtoka. "Siku zote hizi?"

"Siku zote."

"Mwambie leo leo. Hakukusudia, wala wewe hukukusudia. Atazilipa baada ya Idi, basi."

Salimu alisema kweli, kwa mtu mzima wa afya. Lakini mama figo zake zilikuwa zimechoka. Kabla ya mfungo daktari alimkataza kufunga, mimi nikiwepo, naye akaitikia, "Ndiyo, baba." Tulipotoka nje akanishika bega akasema, "Mwaka huu nafunga wote, Mwantumu. Wa mwakani siujui." Mimi nikamwuliza kama umeme wa luku nyumbani umeisha.

Jioni ile sikumpigia. Nilichukua kalamu, nikaongeza dakika saba kwenye siku zilizobaki za ratiba. Kesho yake, badala ya bipu, mama alipiga mwenyewe.

"Leo imechelewa. Nilidhani umeugua."

"Umeme ulikatika huku, Mama."

"Pole, mwanangu. Nilikungoja tu, maji nimeshika mkononi."

Nilikaa na uongo huo siku zote zilizobaki. Mara mbili nilikata tiketi ya basi la mchana, mara zote mbili nikaiacha iungue. Ofisini nilisema kazi ni nyingi. Salimu hakuniuliza tena. Aliweka tende mezani kwangu na kwenda kukaa kwenye meza yake.

Siku ya Idi nilikwenda. Nilimkuta Nemayian mlangoni na dumu la maziwa. Nemayian ni jirani yetu, ng'ombe wa mume wake hupita nyuma ya nyumba yetu wanaporudi jioni. Yeye si Mwislamu, lakini tangu mama apoteze macho, kila Ramadhani alikuwa akisimama pale mlangoni na kusema, "Mama Mwantumu, jua limezama." Kabla ya mimi kuleta mashine.

"Umekuja, wewe?" alisema. "Ile mashine yako imenifukuza kazi."

"Dada Nemayian, usiseme hivyo."

"Nasema. Siku ya kwanza naisikia inaita, jua bado liko pale, juu ya migunga. Nikamwambia, mama, subiri. Unajua alinijibu nini? 'Mashine ya mwanangu imesoma chuo, wewe umechunga ng'ombe.'" Alicheka, akakung'uta vumbi kwenye shuka lake. "Nikanyamaza. Maziwa naacha hapa, naenda."

Nikaingia ndani. Mama alikuwa kitandani, amevaa kanga mpya niliyomtumia. Uso ulikuwa umevimba, na mikono imekuwa miembamba kama ya mtoto. Niliona kwa mara moja yale yote niliyokuwa siyaoni kwenye kivinjari.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Sogea nikushike." Alinipapasa mashavu, akatabasamu. "Nimemaliza, Mwantumu. Mwezi mzima, sijaacha hata siku moja. Kila anayekuja namwambia, mwanangu alinishika mkono kutoka Korogwe."

Mchana mzima walikuja watu, na kila mtu aliambiwa. Bi mmoja alitaka kujua kama mashine inajua na kupika. Mama alijibu, "Inajua, ila mwenyewe ndiye hajui," wote wakacheka, na mimi nikacheka.

Wageni walipoondoka jua lilikuwa limeinama. Mama aliketi ameegemea ukuta, miguu juu ya mkeka.

"Lete kompyuta yako," alisema. "Nataka nikae na wewe hapa hapa nikisikia unabonyeza. Mwezi mzima nimekuwa najiuliza, anabonyeza vipi, kwa kidole gani."

Niliitoa mkobani kompyuta yangu ya mapajani, nikaifungua. Vitufe vitano vikatokea. Nilichukua mkono wake, nikauweka juu ya wangu, kidole changu kikawa juu ya kitufe. Kikakataa kushuka.

"Mbona hubonyezi?"

"Mama, nilikosea."

"Nini?"

"Saa. Nilichukua saa za Dar es Salaam. Huku jua linachelewa dakika saba. Nilikufuturisha jua likiwa bado halijazama. Na siku ile ya umeme, umeme haukukatika. Nilikuwa nimeshajua."

Mkono wake haukutoka juu ya wangu. Midomo ilikuwa ikitembea bila sauti, nikajua anahesabu.

"Siku ngapi?"

"Ishirini na tatu."

Alivuta pumzi ndefu. Nilingoja anikemee, nilitamani anikemee. Alisema taratibu, "Na Nemayian aliniambia. Nikamdharau mtoto wa watu." Nje nikasikia kengele za ng'ombe zikipita.

"Nitazifunga mimi, Mama. Zote. Naanza Jumatatu."

"Aliye hai hafungiwi na mtu. Ulifundishwa madrasa, umesahau? Anafungiwa aliyekufa."

"Basi utapona, utazilipa mwenyewe polepole. Wiki hii siku moja, wiki ijayo..."

"Mwantumu."

"Tutabadilisha daktari. Kuna mmoja Salimu amenitajia, yuko Tanga..."

"Mwantumu, mama. Zima hicho kitu."

Niliifunga kompyuta. Chumba kikawa na giza kidogo, kijitaa tu cha mashine kikiwa kimewaka pembeni ya kabati, chekundu.

"Utazifunga," alisema. "Ishirini na tatu, usipunguze. Na kila jioni utoke nje uangalie jua kwa macho yako."

"Usiseme hivyo, Mama."

"Aseme nani basi? Daktari anazungumzia chumvi. Wewe unazungumzia luku. Kila mtu akija hapa ananiuliza nimekula nini." Aliushika mkono wangu kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. "Ninakufa, mwanangu. Nilitaka uje tufuturu pamoja hata mara moja, nikuambie. Ukanitumia adhana."

Nje, Nemayian alikuwa anawaita ndama wake. Jua lilikuwa limezama, na hakuna aliyekuja kutuambia. Nililaza kichwa kwenye mapaja ya mama, kwenye kanga mpya iliyokuwa bado inanuka duka.

"Nilikuwa najua, Mama," nikasema. "Tangu siku ile kwa daktari. Ndiyo maana nilikuwa siji."