Gurudumu la Nyuma la Balozi

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe bila kupigiwa kura, nautangazia umma wote wa wanafunzi, walimu, wapishi na paka wa bwalo kwamba katika mashindano makubwa ya michezo mitatu mfululizo, yaani kuogelea ziwani karibu kilometa mbili, kuendesha baiskeli kilometa tisini, kisha kukimbia ishirini na moja, mimi, Mwenyekiti, nilimaliza. Nafasi niliyoshika si muhimu. Haya basi, nilikuwa wa mia moja themanini na tatu. Tulikuwa mia moja na tisini, na wanne kati ya walionifuata walikuwa na wajukuu.

Mwenyekiti ni jina la bwenini. Nililipata siku nilipoiga sauti ya mwalimu wa zamu na kutangaza kwamba mtihani wa hesabu umeahirishwa. Darasa zima likarudi kulala, nami nikang'oa magugu wiki tatu. Balozi, anayelala kitanda cha juu yangu, hakuhusika hata kidogo, lakini alikuja kuning'olea upande mmoja wa uwanja. Ndivyo alivyo. Anasalimia kila mtu, anakunja shuka za wenzake, na akikushinda mbio anakungoja mwishoni na maji ya kunywa. Mtu wa namna hiyo ni vigumu sana kumchukia, lakini mimi sikati tamaa ovyo.

Kwao ni mbali, kwa hiyo likizo hii alikuja kwetu tufanye mazoezi pamoja. Baba yangu ni fundi baiskeli. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu: ukuta mzima misumari, kila msumari umening'iniza rimu, na juu ya benchi kuna grisi kwenye kopo la rangi lililokatwa. Miaka kumi na minane nimepita katikati ya chumba hicho nikienda jikoni. Balozi aliingia siku ya kwanza, akamwita baba yangu "Baba" bila kuomba kibali, akauliza, "Hii ni ya kazi gani?"

Baba, ambaye kwangu hutumia maneno sita kwa siku, alimjibu kwa saa mbili.

Tangu hapo kila alasiri walikaa vichwa vimegusana juu ya gurudumu moja la nyuma, la baiskeli ya Balozi. Baba anashika, Balozi anakaza spoki, wanalizungusha, wanalitazama, wanalilegeza, wanaanza upya. Wiki mbili! Gurudumu langu nililikuta limekwisha siku niliyofika kutoka shule, limetundikwa msumarini. Baba alilionyesha kwa kidevu. "Lako lile," akasema. Maneno mawili. Nikabaki na manne ya siku hiyo.

"Mbona umenuna?" mama aliniuliza.

"Sijanuna. Natafakari."

"Basi mdomo wako unatafakari kuliko kichwa."

Sasa mjue nilichokuwa nakitaka. Sikutaka nishani. Nilitaka baba, akiwa amesimama kwenye utepe wa mwisho, anione mimi nikitokea kabla ya Balozi, na anitazame hata dakika moja kama alivyolitazama lile gurudumu.

Siku moja kabla ya mashindano tulitakiwa kuzikabidhi baiskeli kwa waandaaji jioni. Mchana, baba na Balozi wakaenda kuchukua namba zetu za kifuani. Mimi nilisema tumbo linanisumbua. Baiskeli mbili zilisimama karakanani, rimu za aina moja, matairi ya aina moja. Nikazigeuza miguu juu. Nikafungua nati, nikatoa gurudumu langu la nyuma, nikatoa na la Balozi, nikabadilisha.

"Unafanya nini huko?" mama aliita kutoka jikoni. "Kimya chako kinanitisha."

"Nasali, mama."

"Basi ndiyo nimeogopa zaidi."

Mnyororo uliniuma kidole, nati moja ikabingirika chini ya benchi, lakini waliporudi baiskeli zilikuwa wima na mimi nimelala kochini, nimeshika tumbo kama mjamzito.

Asubuhi ziwani tulipanga viatu vyetu kando ya baiskeli, jirani kwa jirani. Balozi alichuchumaa karibu na gurudumu langu la nyuma. Alilitazama kitambo. Kisha akaligeukia lake. Nikajikuna kichwa, ambacho kwa kweli kilikuwa kinaniwasha.

"Mwenyekiti," akasema taratibu, "leo ukipanda mlima usisimame kwenye pedali. Kaa kitini."

"Asante, kocha."

"Sikutanii. Kaa kitini."

Nikajua ananiogopa.

Majini aliniacha dakika nne, kama kawaida. Barabarani nikaanza kulila pengo hilo. Gurudumu lilikuwa jepesi, lilikuwa linaimba, na kila kilometa nilijiambia: unaona, baba? Hivi ndivyo ulivyompa yeye. Kwenye kilometa ya sitini nilimpita Balozi, nikainua mkono kama rais anayepita kijijini.

"Kaa kitini!" alipiga kelele nyuma yangu.

Mlima ulikuwa mbele. Nikasimama kwenye pedali.

Nilikanyaga labda mara kumi. Kisha chini yangu ikalia *ting*, mlio mdogo, wa adabu kabisa. Halafu *ting* nyingine. Gurudumu likaanza kuyumba kama mlevi anayetafuta mlango, likisugua breki kila mzunguko. Nikashuka. Balozi akanifikia, akapunguza mwendo. Kanuni zinakataza mshindani kumgusia mwenzake baiskeli, kwa hiyo alisimama hatua tatu mbali, akiachwa na watu wanane nikiwahesabu.

"Legeza breki ya nyuma kabisa," akasema. "Shuka milima polepole, tumia ya mbele. Utafika."

"Nenda zako!"

"Naenda. Lakini legeza kwanza, nione."

Nikalegeza. Akaenda. Sijawahi kumwonea mtu wivu kama nilivyouonea mgongo ule ukipanda mlima kwa utulivu, juu ya gurudumu langu.

Nilipomaliza kukimbia, au tuseme kutembea kwa huzuni, utepe ulikuwa umeshakunjwa. Balozi alikuwa wa tatu kwa vijana. Alinijia na chupa ya maji, bila shaka. Baba alikuwa ndani ya uzio, amezipindua baiskeli zote mbili, analizungusha gurudumu lililopinda.

"Njoo," akaniambia. "Hesabu spoki."

"Baba, nimechoka."

"Hesabu."

Nikahesabu kwa sauti, pamoja na mbili zilizokatika. Thelathini na mbili.

"Lako lina thelathini na sita," baba akasema. "Wewe hukanyagi baiskeli, unaipiga mateke. Nililifunga mwenyewe, miezi miwili, ulipokuwa shuleni. Nililifungua mara tano. Hili ni zoezi la kwanza la huyu mwenzako. Linambeba yeye, mwepesi. Si wewe."

Hakuwahi kuniambia maneno mengi hivyo kwa mwaka mzima.

"Baba, ni mimi," Balozi akaingilia. "Jana nilikuwa nasafisha, nadhani nilichanganya."

Nilimtazama. Hata kudanganya ananishinda. Na uso wa baba ulianza kukunjamana kumwelekea yeye, ule uso niliouombea tangu likizo ianze, na haukunipa raha hata ya kijiko kimoja. Hata hivyo, nasema kweli, niliinua chupa ile ya maji nikainywa hadi tone la mwisho.

Baba akainamia baiskeli ya Balozi. Akaweka kidole kwenye ekseli.

"Washa, hiki kipete kinachotakiwa kukaa chini ya nati, imewekwa ndani, na nati ya nje imeuma chuma," akasema. "Ungechanganya wewe, ungeikaza vizuri. Kazi hii naijua. Katika nyumba yangu kuna mtu mmoja tu anayefunga nati namna hii."

Mama, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo akipepea uso, alisema, "Kumbe ndiyo ile sala."

"Ni mimi, baba," nikasema. "Nilibadilisha jana mlipokwenda kuchukua namba. Tumbo halikuwa linauma. Balozi alijua tangu asubuhi, akanionya, nikadhani ananiogopa. Na sasa hivi nilikuwa tayari anibebee lawama zangu, nimemwacha aseme. Nilidhani la kwake ndilo ulilolitengeneza wewe."