Kwikwi ya Léonise

Kwikwi ilimwanza Léonise Jumapili, akiwa na kwaya kanisani katika mji wao wa Robert. Wenzake wakacheka, naye akacheka. Kesho yake kikaja kichefuchefu, na haukupita muda mrefu, mshonaji huyo ambaye magauni yake yalivaliwa nusu ya kisiwa cha Martinique akawa hawezi kukaa kwenye cherehani bila ndoo miguuni.

Mama mkwe wake, Sidonie, ndiye aliyetangaza.

"Huyu ana mimba."

"Mama, umri wote huu?" Léonise akajifuta mdomo.

"Kwani ajabu? Mimi huyu Ménil nilimpata nikidhani nimeshafunga duka."

Ménil, mumewe, fundi bomba mwenye mikono mikubwa na maneno machache, akainama kuficha kicheko. Kipimo cha mimba kilipokataa, Sidonie alinuna siku nzima, kisha akabandika tangawizi jikoni. Léonise akaitapika tangawizi. Akatapika maji, akatapika na vidonge vya kuzuia kutapika. Kila mara Ménil alipiga magoti kando yake, akamshika paji la uso kwa kiganja kimoja na kwa kingine akamkusanyia nywele.

"Nenda kazini, watu wanakusubiri," Léonise akamwambia.

"Mabomba yao yatavuja tu. Tapika, mpenzi."

Daktari wa mtaani alilitibu tumbo. Akamtuma apigwe picha kwa mpira unaopitishwa kooni, tumbo likaonekana safi kabisa. Ndipo akashusha sauti, akauliza kama nyumbani kuna amani, kama mume hamtesi. Ménil alikuwa amekaa hapo hapo, kofia mapajani.

"Huyu?" Léonise akasema, kwikwi ikimkata. "Huyu hata mbu... humwomba radhi kwanza... ndipo ampige."

Walirudi nyumbani wakicheka, lakini usoni Léonise alikuwa amebaki macho tu. Asubuhi moja miguu ikakataa kumbeba. Ménil akamnyanyua, akashtuka alivyokuwa mwepesi, akamlaza kwenye gari lake la kazi na kuendesha hadi hospitali kubwa ya Fort-de-France.

Walipokuwa wakisubiri nyuma ya pazia, mwanamke mmoja aliyekuwa akipita ukumbini akasimama ghafla, akafungua pazia.

"Nani mwenye kwikwi hiyo?"

Alikuwa Daktari Rosamel, daktari wa ubongo. Alikuwa amekuja kumwona mgonjwa mwingine. Akauliza imeanza lini, akauliza habari za kutapika, akammulika machoni, akamgongagonga magoti. Kisha akaagiza picha ya kichwa.

"Kichwa?" Ménil akauliza. "Daktari, anatapika."

"Najua, kaka yangu. Subiri uone."

Picha ilipotoka, akawaonyesha chini kabisa ya ubongo, unapoungana na uti wa mgongo. Palikuwa na doa jeupe dogo.

"Sehemu hii kazi yake ni kuionja damu," akasema. "Ikikuta sumu, inapeleka habari jirani hapo, na mwili unaamriwa kutapika. Tumbo likichafuka pia, habari zake huja huku huku kwa mishipa. Sasa kinga ya mwili wako, mama, imekosea, imepashambulia. Pamevimba. Panaamrisha utapike na sumu hakuna. Kwikwi nayo inatoka jirani hapo."

"Kwa hiyo sikuwa nachanganyikiwa," Léonise akasema polepole.

"Hata kidogo."

Akalia. Wakati wote huo wa kutapika hakuwahi kulia. Daktari hakuwaficha: ugonjwa huo ungeweza kurudi na kugusa macho au miguu, na dawa ya kuutuliza angeitumia miaka mingi. Ila walikuwa wameuwahi.

Wakamtundikia dripu ya kupunguza uvimbe. Siku chache baadaye Ménil alifika wodini asubuhi, akasimama mlangoni. Kimya. Ile kwikwi aliyozoea kuisikia tangu ngazini haikuwepo. Akakimbilia kitandani, akainamisha sikio puani kwa mkewe.

"Unaninusa?" Léonise akasema bila kufumbua macho.

"Nilidhani..."

"Nimelala, mwanaume wewe. Nimelala usingizi mzima. Nina njaa."

Ménil akatoka mbio, akarudi na bajia za samaki wa chumvi zilizofungwa kwenye karatasi, bado za moto. Léonise akauma moja, akatafuna, akameza. Wote wawili wakalitazama tumbo lake kama watu wanaosubiri maziwa yachemke. Hakikutokea kitu. Akala ya pili. Alipoifikia ya tatu, aliona machozi yakimtiririka mumewe hadi kidevuni.

"Una nini tena?"

"Pilipili."

"Hujala hata moja, Ménil."

Akasogea ukutani, akampigapigia godoro akae. Ménil akavua viatu, akajibanza kwenye kitanda kile chembamba, naye Léonise akamlisha bajia kwa mkono wake, huku muuguzi akijifanya hawaoni.