Saa ya Kinshasa

Simu ya Faustin ilipokufa, alinunua laptop kuukuu Lilongwe, na rafiki yake Épitace, wa mtaa wa Area 49, akaiwekea mfumo wa Linux. Akampa na karatasi ya marekebisho ya kumalizia mwenyewe: lugha iwe Kifaransa, herufi zikuzwe, saa ipangwe kwa kuchagua mji. Faustin akarudi kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kifua mbele.

Siku iliyofuata, saa tisa alasiri, mkewe Mathilde angempigia kwa intaneti kutoka Bukavu. Vita vilikuwa vimeingia mjini, naye alitaka kuwavusha watoto kwenda Burundi. Alikosa kitu kimoja tu: mtu wa kuwapokea ng'ambo. Faustin alikuwa amempata, shemasi aitwaye Noël, na namba yake ilikuwa mfukoni.

Nyumbani hakukuwa na intaneti, basi akakaa na karatasi yake kwanza. Lugha, sawa. Herufi, sawa. Kwenye miji, Blantyre ya hapo Malawi akaipita bila kuitupia jicho. Mkongomani ni Mkongomani, akabonyeza Kinshasa. Mzalendo wetu huyo! Kwaya jirani ilipoanza mazoezi ya saa tisa, na laptop inasema saa nane, alishangaa sana, maana kwaya ile haijawahi kuwahi hata ibada.

Laptop iliposema saa tisa kasoro dakika ishirini, alitembea taratibu hadi kituo cha intaneti. Saa ya ukutani ilisema saa kumi kasoro dakika ishirini. Akamwambia Benedicte, msimamizi, kwamba saa yake inakimbia. Benedicte akamwonyesha simu: ilisema vilevile. Faustin akatazama ukuta, akatazama laptop, asijue amwamini nani.

"Uliweka mji gani?"

"Kinshasa."

"Na bibi iko wapi?"

"Bukavu."

"Papa Faustin, Bukavu na hapa saa ni moja. Kinshasa njo iko nyuma."

Na alilijua hilo! Tangu utotoni redio ilimtajia saa ya Kinshasa na saa ya mashariki. Akaiunganisha laptop na intaneti.

Mathilde alikuwa amepiga mara saba, kisha akaandika: "Nilikungoja. Bantu bote banatoka, na sisi tunatoka na batoto. Simu naiuzisha, tupate transport. Tutauliza mbele ya safari."

Faustin akaandika jina la Noël na namba yake. Akaandika tena. Ujumbe haukufika. Hakujua ashike lipi aache lipi. Akarudi kwenye orodha ya miji, akaitoa Kinshasa.

"Sasa hivi kule kwao ni saa ngapi?" akauliza.

"Ni hii hii, papa," Benedicte akasema.

Akaliandika jina la Noël mara ya tatu.